Wavuta Kamba

Babu wa mababu zangu hakuwahi kuvaa barakoa.
Athene, kwenye ubavu wa kilima,
alikaa nyuma ya ukuta wa mbao uliochorwa kasri,
akipaka kapi mafuta ya zeituni
na kuhesabu beti kwa vidole vya miguu.

Jina lake Eufrono. Halimo kwenye jiwe.
Kwenye jiwe limo jina la tajiri aliyelipia mavazi,
kabila lililoshinda, mpiga zumari.
Aliyempandisha mungu angani
alilipwa jibini na vitunguu viwili.

Siku hiyo watu walijaa kabla ya jua:
wafinyanzi, wauza samaki wa chumvi, vilema wa vita,
makalio juu ya jiwe baridi, tini kavu kwenye pindo la nguo.
Kumi na watano wakaingia wakikanyaga kwa pamoja,
wakaimba kama mtu mmoja mwenye makoo mengi.
Mwanamume mwenye shingo ya mpiga mieleka
akatoa, kupitia kinywa cha kitani na gundi,
kilio cha mama aliyezika wanawe.
Hakuna aliyecheka.
Muuza samaki alishika tini yake hadi ikapondeka.

Halafu mambo yakakwama. Mtunzi alikuwa amefunga fundo
asilojua kulifungua.
Nyuma ya ukuta mbao ikagongwa mara mbili.
Eufrono akavuta.

Mungu siku hiyo alikuwa Nikerato,
mtu wa tumbo, aliyekesha akila maharage.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi:
uwanja mzima ulimwona akipaa kama unyoya,
Eufrono peke yake alijua miungu ina uzito gani.
Naye Nikerato, alipoonja upepo wa juu,
akanogewa, akaongeza beti ambazo hazikuandikwa.
Akasamehe wauaji. Akagawa visiwa.
Akaanza kueleza asili ya mito.
Kamba hukatikia pembamba, na pembamba palikuwa pale pale
mbele ya macho ya babu, uzi baada ya uzi, tik, tik.
Akaizungusha mkononi, akaiuma kwa magego,
akamshikilia mungu hadi mungu akachoka kusema.

Aliposhushwa, mungu alivua uso, akafuta jasho:
"Mbona ulikuwa unanitikisa?"

Hadithi hiyo ndiyo urithi wetu. Hiyo, na kovu
ambalo kila mzee wa ukoo hudai aliligusa.

Mimi ni Sosandro. Nilizaliwa Korintho,
nikauzwa Korintho ilipoungua, nina miaka saba,
fungu moja na vyungu vya shaba.
Roma inapenda michezo yetu.
Imeichukua, ikaivisha, ikaifundisha Kilatini,
kama ilivyonifanya mimi.
Hapa ukumbi ni wa mbao. Hujengwa kwa sikukuu,
sikukuu ikiisha hubomolewa. Wakubwa wanaogopa jiwe:
wanasema raia akizoea kukaa atasahau kusimama.
Hapa mwigizaji akisahau maneno huchapwa,
maana naye kanunuliwa. Jana mfalme wetu
alilala kifudifudi.

Hapa sina mungu wa kuinua. Nina pazia.
Hukaa limekunjwa handakini, mbele ya jukwaa,
na mchezo ukiisha tunalivuta, watu sita,
kutoka chini ya ardhi hadi lifunike kila kitu.
Limefumwa mji uliotekwa.
Hutokea kwanza moshi, kwa uzi mwekundu,
kisha mwamba ninaoujua, kisha mapaa.
Aliyelifuma hakuwahi kufika:
lango la sokoni kaliweka upande usio wake.

Navuta. Watu wanapiga makofi, wanatafuta viatu,
wanaulizana mvinyo unauzwa wapi.
Mji wangu unasimama wote,
na mimi chini yake, kamba mkononi,
nikipapasa kwa kidole
pale palipo pembamba.